Kilio Kilichopata Tuzo

Nikiwaambia vijana wa siku hizi kwamba Ufipa iliwahi kutoa mwigizaji bora wa kike, tena kwenye tamasha la sinema huko Ulaya, hunitazama kama mzee aliyekunywa pombe ya ulezi kabla ya misa. Huniuliza alicheza filamu ngapi. Nawajibu moja. Huniuliza tuzo iko wapi. Nawajibu iko Dar es Salaam, juu ya kabati la ofisi, au ilikuwepo mara ya mwisho nilipoiona. Wakiniuliza baada ya hapo alifanya nini, huwa nanyamaza, kwa sababu jibu lake ni refu na mimi mwenyewe nimo ndani yake, tena si upande mzuri.

Naitwa Isakwisa, mtu wa Tukuyu. Kuanzia mwaka sabini na nne nilikuwa mpiga sinema wa serikali mjini Sumbawanga. Nilikuwa na Landrova moja, jenereta moja, projekta moja na shuka jeupe la kuonyeshea, na kwa vitu hivyo nilizunguka vijiji vyote vya Ufipa nikionyesha filamu za kilimo bora, kisomo cha watu wazima na uchimbaji wa vyoo. Watu walikuja kwa wingi. Walikuja kutazama picha zinazotembea. Habari za vyoo waliniachia mwenyewe. Waliniita Baba Suma, kwa jina la mwanangu wa kwanza, na nilijiona mtu wa maana sana.

Mwigizaji huyo, Bertilla, nilimwona mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka sabini na tano. Mimi ni Mmoraviani, lakini mke wangu alikuwa bado hajanifuata kutoka Tukuyu, na upweke ukizidi hata Mmoraviani huingia kwa Wakatoliki. Waumini wa parokia walikuwa wanaigiza Mateso. Aliyekuwa Mama Maria alisimama chini ya msalaba muda mrefu bila kusema neno. Halafu akainama, akashika ncha ya kitenge chake, akaanza kumfuta Yesu vumbi miguuni, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili, jinsi mama anavyomfuta mtoto aliyerudi kuchunga. Yesu mwenyewe, ambaye siku za kazi alikuwa Urbano seremala, alilia pale juu hadi kamasi zikamtoka, na mikono ilikuwa imefungwa hawezi kujipangusa.

Niliuliza yule mama ni nani. Nikaambiwa ni binti Eustaki wa Mollo, aliyesoma kwa masista hadi darasa la nne na kuolewa na Flavian wa Mwimbi, mkulima wa mahindi na ulezi. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alikufa kwa surua. Wa pili alikuwa Zenon, mwenye miaka minne, na kwa sababu yake hakuna aliyemwita Bertilla tena. Aliitwa Mama Zenon na jirani, na mume, na mwenyekiti wa kijiji, na hata padre akimkomunisha nadhani alikuwa karibu kulisema.

Mwezi wa sita mwaka huohuo walikuja watu kutoka Dar es Salaam kutengeneza filamu. Hadithi yake ilikuwa nyepesi: mama mmoja hachemshi maji ya kunywa, mtoto wake anaharisha hadi anakufa, mama anajifunza na kuwafundisha wenzake. Waliita filamu hiyo "Chungu cha Maji". Walikuja na mwigizaji wao, dada mrembo mwenye viatu vya kisigino, lakini mwezi wa sita Ufipa si mahali pa mtu aliyezoea khanga moja. Baada ya siku tatu alikuwa amelazwa na kichomi. Kiongozi wao, bwana mwenye ndevu ambaye kila mtu alimwita Mtengenezaji, alikaa ofisini kwetu akiwa ameshika kichwa, akisema itabidi warudi. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikasema kuna mama mmoja Mwimbi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sikulijua.

Flavian alikubali. Mama yake, Bibi Dominika, mwanamke mwembamba asiyependa maneno, naye alikubali, kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali na maji kuchemshwa si jambo baya. Bertilla alifanya kazi siku kumi na moja. Ukimwambia tembea, alitembea. Ukimwambia rudia, alirudia vilevile, hatua kwa hatua, na mtungi wa maji kichwani haujamwagika. Mtengenezaji aliniambia chemba kwamba huyu si mtu wa kuachwa huku akipiga matuta. Alimwahidi mbele yangu: filamu ikipokelewa vizuri, ataitwa Dar es Salaam kwenye kikundi cha waigizaji, apewe chumba, na Zenon asome shule ya mjini.

Sijawahi kuona mtu akitaka kitu namna ile. Alikuwa hasemi, lakini alianza kuniuliza shule za mjini zinaanza saa ngapi na kama watoto huko wanavaa viatu. Siku moja aliniambia kwamba tangu aolewe hakuwahi kutazamwa muda mrefu hivyo na mtu asiyetaka kumtuma kitu. Alikuwa anasema habari za kamera.

Siku ya kumi ilikuwa zamu ya kilio. Mtoto wa kuazima alilazwa kwenye mkeka, akafunikwa shuka, akaahidiwa pipi asitikisike. Kwenye karatasi za Mtengenezaji mtoto aliitwa Juma. Bertilla akapiga magoti, akasema, "Juma, mwanangu," na hapo hapo kila mtu akaona kwamba hakuna kitu. Wakarudia. Wakarudia tena. Mkanda wa filamu ulikuwa ghali na ulikuwa umebaki kidogo, na Mtengenezaji akaanza kuzunguka akipiga mateke mawe. Mwishoni akamwambia aache jina la Juma, ataje jina lolote analoliweza, ilimradi alie.

Watu wa kwetu Tukuyu tunalia kwa nguvu na kucheza ngoma hadi marehemu akasirike kwa kutusikia, kwa hiyo sikuelewa kwa nini Bertilla alikaa chini na kufikiri kana kwamba ameulizwa swali la mtihani. Nilikwenda kumuuliza. Akanieleza, kwa sauti ndogo, akichora chini kwa kijiti.

Kwao, alisema, kilio bila jina si kilio. Ni kelele. Lazima kiende kwa mtu. Kumlilia binti yake aliyekufa hawezi, kwa sababu matanga yalikwisha ondolewa, na ukimlilia mtu baada ya matanga unamfukua. Kumtaja mtoto wa jirani hawezi, kwa sababu kumlilia mtu aliye hai ni kumchuria, ni kumwitia kifo kwa jina lake. Nikamwambia basi abuni jina. Akasema jina la kubuni halina mtu, ndilo hilo Juma, na si tumeona wenyewe?

"Sasa utafanyaje, Mama Zenon?" nikamuuliza.

"Kama ni kuchuria, nichurie wangu," akasema. "Wa mwenzangu sina haki naye."

Akafuta mistari aliyoichora, akarudi kwenye mkeka. Sitasimulia kilio kile, kwa kuwa kalamu yangu haikiwezi. Alimwita Zenon mara tatu. Alimwuliza amekwenda wapi bila kula, na nani atamfunga sweta huko aendako, na kwa nini amempa mgongo. Mtoto wa kuazima alitokwa na machozi chini ya shuka, licha ya pipi aliyoahidiwa. Mshika kamera alimaliza mkanda bila kujua umekwisha. Mtengenezaji akamshika Bertilla mkono.

Jioni ile Bertilla alinisubiri kwenye Landrova. Zenon wake alikuwa amelala mgongoni, mzima, amekunywa uji. Aliniuliza kama lile jina litasikika. Nilikuwa sijui lolote kuhusu jinsi filamu inavyokatwa na kuungwa, lakini nilijua alichotaka kusikia. Nikamwambia watalikata, kwenye karatasi mtoto ni Juma, wataweka sauti nyingine. Akashukuru, akapiga makofi mawili madogo ya heshima kama Wafipa wanavyofanya, akaenda zake.

Miaka miwili ikapita kimya. Halafu, mwezi wa saba mwaka sabini na saba, simu ya upepo ikaleta habari mkoani. "Chungu cha Maji" ilikuwa imepelekwa kwenye tamasha la nchi moja ya Ulaya Mashariki, ikashindana na filamu za mataifa ishirini na mbili, na mama wa Mwimbi akachaguliwa mwigizaji bora wa kike. Televisheni yao ilikuwa imeonyesha kilio chake nchi nzima. Sisi tulikuwa hatuna hata televisheni ya kuonyesha saa. Bwana mkubwa aliyepanda ndege kwenda kumpokelea tuzo alirudi nayo hadi ofisini kwake na ikaishia hapo. Bertilla aliletewa barua, kipande cha gazeti chenye picha ya huyo bwana mkubwa, na ahadi kwamba mwanzoni mwa mwaka ataitwa kwa ajili ya filamu ya pili.

Pamoja na barua ilikuja nakala ya filamu na amri: ionyeshwe Mwimbi, kwa heshima, viongozi wa mkoa wakiwepo. Niliitazama kwanza peke yangu ofisini, madirisha nimeyaziba kwa magunia. Kilio kilikuwemo chote. Jina lilikuwemo mara tatu, safi, hata mtu aliyesimama nje angelisikia.

Bertilla alikuja mjini kwa miguu na malori, kabla sijamfuata. Hakuuliza habari za tuzo. Aliuliza, "Baba Suma, limo?" Nikamwambia limo. Akakaa kwenye ngazi za ofisi. Wazungu kumsikia Zenon, alisema, si neno, Wazungu hawamjui. Lakini ukoo wa Flavian wakisikia, watamwondoa mtoto mikononi mwake. Hawatampiga wala kumtukana. Watamwondoa tu. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini mambo hayo, yeye aliyesoma kwa masista.

"Kichwa changu hakiamini," akasema. "Tumbo lililombeba linaogopa."

Kukata mkanda nisingeweza. Ilikuwa mali ya serikali na ningefungwa. Nikamwahidi jambo jepesi. Kilio kikianza nitateremsha sauti hadi chini kabisa, na nitasingizia mashine. Watu watamwona akilia bila kusikia anamlilia nani. Akakubali, kwa kuwa hakuwa na lingine la kukubali.

Siku ya siku uwanja wa shule ya Mwimbi ulijaa. Walikuja hadi watu wa vijiji vya mbali, wamejifunika mablanketi. Bertilla alikalishwa mbele, kwenye kiti, kati ya viongozi, amevishwa khanga mpya na akina mama wa umoja wa wanawake. Watoto walikaa kwenye majani mbele ya shuka, na Zenon alikuwa katikati yao, miaka sita, anawatambia wenzake kwamba aliye mle ndani ni mama yake. Giza lilipoingia tu nikawasha.

Walicheka alipotokea na mtungi. Walipiga makofi, wakaitana majina kila walipoona nyumba wanayoijua. Mimi nilikuwa nimeweka kidole kwenye kitufe cha sauti. Mtoto alipofunikwa shuka, nikakizungusha hadi sauti ikafa. Uwanja ukawa kimya, mdomo wa Bertilla unafunguka kwenye shuka na hakuna kinachotoka. Nikajisemea tumevuka.

Bwana mkubwa wa mkoa akageuka kwenye kiti chake. Akasema sauti. Nikainama nikajifanya nachunguza nyaya. Akasimama, akawatangazia wananchi kwamba hapo hasa ndipo penye tuzo, hapo ndipo Ulaya nzima ilipolia, na fundi asiwanyime. Watu wakaitikia sauti, sauti. Bertilla hakugeuka. Niliona shingo yake tu.

Miaka yote nimejitetea kwamba niliogopa kazi. Nilikuwa na mke aliyehamia juzi na watoto wawili, na kweli niliogopa. Lakini nimezeeka sasa, uongo umeshanichosha. Nilitaka wasikie. Nilikuwa nimekaa na kilio kile peke yangu kwa wiki nzima, kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupita kwenye mashine yangu, na nilitaka wajue ni nani waliyenaye. Nikazungusha kitufe, na sikukizungusha kidogo.

"Zenon, mwanangu Zenon," spika ikasema juu ya Mwimbi yote.

Watoto walimgeukia Zenon. Yeye alitazama shuka, kisha akageuka nyuma kumtazama mama yake kwenye kiti, kisha shuka tena. Jina likaja mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu Bibi Dominika aliinuka kutoka kwa wanawake, akapita mbele ya mwanga wa projekta na kivuli chake kikafunika picha yote, akamshika mjukuu wake mkono, akaondoka naye. Bwana mkubwa wa mkoa alipiga makofi peke yake.

Ukoo ulikaa siku tatu. Nilikwenda siku ya nne, nimejiandaa kugombana, nimebeba sukari kilo mbili kama mtu mjinga. Padre alikuwa ametangulia kufoka kwamba huo ni upagani, wakamsikiliza wameinamisha vichwa, wakampa mayai, na uamuzi haukubadilika. Mwenyekiti wa kijiji alisema ni mambo ya nyumbani. Nikamwamkia Bibi Dominika, nikamwambia yote yalikuwa maigizo, na kosa ni langu mimi.

"Marahaba, Baba Suma," akasema. "Mimi simchukii mkwe wangu. Amelia vizuri. Amelia vizuri mno, hiyo ndiyo tabu. Kilio kama kile kikishatoka lazima kipate mtu."

Mtoto alikuwa ameshaondoka. Walimpeleka Kabwe, ziwani, kwa Adolfu, ndugu yake Flavian, mvuvi wa dagaa. Alipewa jina jingine, na la zamani lisitajwe tena katika nyumba ile, ili kifo kikija kumuulizia kisimpate. Mama yake asimfuate, asimtumie salamu, mpaka mtoto atakapokuwa na watoto wake mwenyewe. Na kwa kuwa jina halitajwi, hakuna aliyeweza tena kumwita Mama Zenon. Jirani walianza kumwita Bertilla, kama msichana asiyeolewa, na wengine Mama Sinema, bila ubaya, kwa kuwa mtu lazima aitwe kitu. Mimi nilijikuta nikisema "mama" tu, kisha nakwama.

Flavian hakumwacha. Hakumpiga. Alilima naye, alikula naye, alisali naye, na mtoto mwingine hakupatikana. Nilipokuwa napita Mwimbi nilikuwa nawakuta wanazungumza habari za mvua. Kila mara nilijiambia leo nitamwomba msamaha yule mama, na kila mara nikamwomba maji ya kunywa. Aliyachemsha.

Mwanzoni mwa sabini na nane wito ukaja kweli. Akaenda Dar es Salaam. Hata Bibi Dominika alimwambia aende. Mwenyewe alinieleza kwamba hakwenda kutafuta sifa. Alifikiri akiwa mtu mkubwa huko, mwenye chumba na mshahara, labda siku moja ukoo utaona mtoto atakuwa salama zaidi huko mjini, mbali kuliko Kabwe, na watamruhusu aende kwake. Wakati uleule watu wa televisheni ya ile nchi ya tuzo walikuwa wamekuja na mashine zao, wanataka kumwonyesha kwa watazamaji wao. Walimkalisha kwenye kiti bustanini, wakamwomba alie kidogo, kama kwenye filamu.

Hakikutoka kitu. Mtengenezaji alimbembeleza siku nne, mtu mwema yule, hakuwa na hila. Walimsugulia kitunguu chini ya macho. Machozi yalitoka, kilio hakikutoka, na kamera haidanganyiki kwa urahisi kama watu wa ofisini. Kwenye filamu ya pili ilikuwa vivyo hivyo: alitembea, alirudia, mtungi haukumwagika, lakini uso ulikuwa umefungwa. Nilimwuliza kwa nini hakutaja jina lolote tu. Akasema alikuwa na jina moja la kutaja, na alishalitaja. Baada ya wiki tatu walimpa tiketi ya kurudi na mtu mwingine akachukua nafasi yake. Tuzo yake aliiona kwa mbali, juu ya kabati, karani alikuwa ameitundikia funguo. Hakuomba aishike.

Halafu ikaja vita, na baada ya vita sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, na dizeli ndiyo kabisa. Landrova yangu ilikaa juu ya mawe nyuma ya ofisi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mwaka themanini na nne walitupa mafuta ya kampeni moja ya chanjo, na ratiba ikasema Kabwe. Nilimpelekea Bertilla habari kabla sijateremka ziwani. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba hataki kuvunja amri, lakini kama nitamwona, na kama mtoto mwenyewe atasema yuko tayari kumwona mama yake, basi atateremka kwa miguu siku hiyohiyo, amri au si amri. Miaka saba alikuwa hajasema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nikamwambia nitamwuliza.

Nilimkuta mchana, anaanika dagaa kwenye mchanga nyuma ya nyumba ya Adolfu. Sikuhitaji kuonyeshwa. Alikuwa anasimama kama mama yake, uzito wote kwenye mguu mmoja. Miaka kumi na mitatu, mrefu, mikono ina magamba. Aliniamkia shikamoo mzee, akaendelea kugeuza dagaa. Nikamweleza mimi ni nani. Nikamweleza, polepole, yale yaliyotokea kwenye mkeka ule: mtoto wa kuazima, karatasi yenye Juma, kwa nini mama yake hakutaka kumtaja mtoto wa mtu. Nikamwambia kosa la kuongeza sauti lilikuwa langu. Nikamwambia mama yake anataka kuja.

Alisikiliza yote bila kunikatiza. Nilitarajia hasira, na hasira nilikuwa nimeshaiandalia majibu njiani. Hakuwa na hasira. Alijifuta magamba kwenye kaptula yake, kidole kimoja kimoja.

"Mzee, mwambie shikamoo," akasema. "Mwambie sina neno naye. Lakini naomba asije. Yule akiniita, nitakufa. Mimi bado nataka kuishi."

Nilimwambia hafi mtu kwa kuitwa na mama yake. Akanitazama kwa adabu, jinsi watoto wanavyowatazama watu wazima wanaosema mambo ya kuwatuliza. Nilijua mtazamo huo. Mimi mwenyewe niliwahi kumtuliza mtu hivyo, kando ya Landrova, na yeye aliniamini.

Kupanda kutoka ziwani hadi juu ya uwanda ni safari ya kutwa nzima, na njia yote nilitunga uongo. Nilitunga kwamba sikumkuta. Nilitunga kwamba amekwenda na mitumbwi upande wa pili. Nilifika Mwimbi na uongo wa aina tatu, nikamkuta Bertilla shambani anapalilia ulezi, ameinama, na alipoinuka na kuniona uso, niliona hakuna uongo hata mmoja unaofaa. Nikamwambia maneno ya mtoto kama yalivyo, kuanzia shikamoo hadi mwisho.

Alibaki ameshika jembe. Akaniuliza amekuwa mrefu kiasi gani. Nikasimamisha mkono, vidole juu, tunavyopima watu, nikauweka usawa wa paji la uso wangu. Aliutazama mkono ule muda mrefu, nami sikuushusha mpaka bega likauma. Akaniuliza kama anakohoa, kwa kuwa utotoni alikuwa anakohoa wakati wa baridi. Nikamwambia Kabwe ni joto, hakohoi. Akasema vizuri.

Nilitaka kumpa kitu. Kitu chochote, baada ya yote niliyomchukulia. Nikakumbuka kwamba kuna kitu kimoja nilichonacho ambacho yeye hakupewa kwa miaka saba, na hakuna mtu Mwimbi ambaye angethubutu kumpa.

"Mama," nikasema, "wanamwita..."

Aliangusha jembe, akaweka mkono wenye udongo kwenye mdomo wangu. Mkwe wa watu, mwanamke aliyelelewa na masista, ambaye hajawahi kunigusa hata kwa salamu.

"Usinitajie, Baba Suma," akasema. "Nikilijua, nitamwita."

Akaondoa mkono, akaokota jembe, akaendelea kupalilia kutoka pale alipokuwa ameachia.